Ukishaanza kuajiri: namna ya kusimamia watu watano hadi kumi na watano Dar es Salaam

Pita Keko kwa mafundi fanicha, Gerezani kwenye gereji, au Kariakoo kwenye duka la jumla, uwaulize wenye biashara kinachowasumbua. Wengi hawataanza na kodi wala mtaji. Watakwambia, "Vijana wa siku hizi hawataki kazi." Kaa hapo nusu siku, utamwona kijana huyohuyo akitumwa na watu watatu kwa wakati mmoja, mshahara wake hajui utatoka tarehe ngapi, na kazi anayofokewa airudie hakuna aliyemweleza tangu mwanzo inatakiwa iweje. Wavivu wapo na wapigaji wapo, sikatai. Ila kagua kwanza mpangilio uliomwingiza mtu ndani yake, maana ukimfukuza yeye na mpangilio ukabaki vilevile, atakayekuja naye ataharibika vilevile.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanza peke yake na sasa ana watu kati ya watano na kumi na watano. Mfano nitakaoutumia ni karakana ya fanicha yenye mafundi wanne, saidia fundi wawili, dada wa mauzo na dereva wa kirikuu (gari dogo la mizigo). Kama wewe una saluni, mgahawa au duka la vipuri, badilisha majina ya kazi tu.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi kabla ya watu

Chukua daftari, na kwa wiki nzima andika kila kinachofanyika hapo: kupokea oda, kupokea malipo ya awali, kuhesabu mbao zikishushwa, kukata, kuranda, kupiga msasa, kupaka vanishi, kumpigia mteja kazi ikichelewa, kufunga stoo, kununua umeme. Usiruke vitu vidogo. LUKU ikikata saa nne asubuhi, mashine ya kuranda imesimama na mafundi wanne wamekaa kivulini, na ukiuliza utasikia kila mtu alidhani mwenzake amenunua.

Kisha mbele ya kila kazi andika jina moja. Wanaosaidia wanaweza kuwa watatu, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Ukiandika majina mawili, umerudi kulekule kwenye LUKU.

Kwenye pesa na mali fanya kinyume chake, yaani gawanya. Anayeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayeshika pesa, na anayenunua asiwe ndiye anayehesabu mzigo ukiingia stoo. Dereva akitumwa kununua gundi na bawaba, apokewe na dada wa mauzo mwenye daftari, wahesabu pamoja, risiti ibaki kwake. Hakuna aliyeshukiwa wizi hapo. Huo utaratibu unamlinda hata dereva mwenyewe, kwa sababu bawaba zikipungua wiki ijayo, jina lake halitakuwa la kwanza kutajwa.

Hatua ya 2: Kila mtu awe na bosi mmoja

Mhandisi wa migodi wa Kifaransa, Henri Fayol (1841–1925), aliongoza kwa miaka mingi kampuni ya makaa ya mawe na chuma aliyoipokea mwaka 1888 ikiwa taabani. Mwaka 1916 alichapisha kanuni 14 za uongozi alizozipata kazini. Mojawapo inasema mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Nadhani ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote katika biashara za mjini hapa, na inavunjwa na familia.

Mke wa mwenye karakana anapita mchana, anamchukua saidia fundi akabebe mzigo. Kaka mtu anapiga simu, anamtuma dereva Mwenge. Mteja mkubwa naye anaingia hadi ndani na kumwambia fundi abadilishe rangi. Jioni oda haijaisha, na anayelaumiwa ni fundi. Dawa yake ni kusema wazi, mbele ya wote, kwamba ndugu, mteja au mtu mwingine yeyote mwenye shida na fundi anapitia kwa fundi mkuu. Nyumbani lizungumze kabla hujalitangaza kazini, la sivyo mkeo au kaka yako ataona umemvunjia heshima mbele ya vijana.

Kigumu zaidi ni kujizuia wewe mwenyewe. Ukishamteua fundi mkuu, kila unapomruka unamnyang'anya kile ulichompa. Fundi akikufuata pembeni, mazungumzo yaende hivi ("mzee" hapa ni fundi mkuu):

"Bosi, naomba ruhusa kesho, mtoto anaumwa."

"Pole sana. Umeshamwambia mzee?"

"Nimeona nije kwako moja kwa moja."

"Mtoto lazima atibiwe, hilo halina mjadala. Ila mwambie mzee, yeye ndiye anajua kesho nani atashika kazi yako. Akikukatalia, rudi kwangu."

Fundi anapata ruhusa, na mzee anabaki na nafasi yake.

Kama umeajiri ndugu, mpe kazi yenye jina, mshahara wenye tarehe, na bosi ambaye si wewe. Ukishindwa kumpa hayo matatu, msaidie kwa pesa za mfukoni mwako, usimlete karakana.

Hatua ya 3: Makubaliano yawe kwenye karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi anayoifanya, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, pamoja na mambo mengine. Asipoyaelewa maandishi, ni wajibu wako kumweleza. Ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili inatosha. Usinakili mkataba wa kampuni kubwa wa Kiingereza ambao hata wewe mwenyewe hujausoma wote.

Piga hesabu ya saa, maana hapa wengi wanavunja sheria bila kujua. Muda wa kawaida hauzidi saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Karakana inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula katikati, ina saa 8 za kazi kwa siku. Zidisha kwa siku sita: 48. Umezidisha saa tatu kila wiki, na hizo ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu. Njia rahisi ni kufunga Jumamosi saa saba mchana. Siku tano za saa 8 ni 40, Jumamosi saa 5, umefika 45 kamili. Wakati wa oda nyingi mnaweza kukubaliana saa za ziada, lakini zisipite 50 ndani ya wiki nne.

Mengine ya kuyaandika: likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baba anapata siku 3. Michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu unayoweza kumkata mfanyakazi haizidi nusu ya michango hiyo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wako mwajiri peke yako, huruhusiwi kumkata.

Na kuhusu "huyu ni kibarua tu". Mtu anayekuja kila siku kwa mwaka mzima hageuki kibarua kwa sababu unamlipa jioni kwa jioni. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo wa 2004, ina vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa, na kimojawapo ni kukufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wiki moja ya kawaida karakana inatimiza saa hizo.

Hatua ya 4: Jifunze kutoa maelekezo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakawia.

Maelekezo ya kawaida yanakuwa hivi: "Tengeneza kabati la yule mama wa Tabata, kama lile la juzi, fanya haraka." Fundi anajibu, "Sawa bosi." Lile la juzi ni lipi, la milango miwili au mitatu? Haraka ni Jumatano au Jumamosi? Fundi hataki kuonekana hajui, na kwa malezi yetu mdogo hamhoji mkubwa mara mbili. Anakwenda kukisia.

Elekezo lililokamilika lina mambo matano. Kinachotakiwa: kabati la nguo la milango mitatu, droo mbili chini. Vipimo na malighafi: futi sita kwa saba, fremu ya mninga, mgongo wa bodi ya MDF. Lini: Ijumaa saa nane mchana lipakiwe. Kuisha kukoje: milango inafunga bila kusukumwa, vanishi haishiki kidole, vitasa vimejaribiwa. Na akikwama amuulize nani.

Halafu kuna swali ambalo usiliulize kabisa: "Umeelewa?" Jibu lake ni ndiyo, siku zote. Uliza badala yake, "Utaanza na lipi?" Kwa fundi aliyekuzidi umri swali lilelile linavaa heshima: "Mzee, hebu tulipange hili, tunaanzia wapi?" Kisha nyamaza usikilize.

"Leo na kesho nafunga fremu. Jumatano milango. Vanishi Alhamisi jioni."

"Vanishi ya Alhamisi jioni itakuwa imekauka Ijumaa mchana?"

"Kwa mvua hizi? Hapana. Labda milango nianze nayo leo, niipake Jumatano, fremu ifuate."

Tatizo la Ijumaa limeonekana Jumatatu, na aliyelitatua ni fundi mwenyewe. Mmarekani mmoja, Mary Parker Follett (1868–1933), alifundisha kwamba amri nzuri inatokana na hali ya kazi yenyewe, kisha mkubwa na mdogo wote wanaitii. Ndicho kilichotokea hapo. Wewe hukumwamuru fundi aanze na milango. Vanishi na masika ndivyo vilivyomwamuru. Na mtu analitekeleza kwa moyo jambo aliloliona mwenyewe.

Picha ya simu inasaidia sana, ila iandikie vipimo. Picha tupu kwenye WhatsApp imeshaleta meza nyingi ndogo kuliko sebule ilivyohitaji.

Hatua ya 5: Dakika kumi za asubuhi na ubao

Nunua ubao mweupe. Mistari mirefu minne inatosha: oda, jina la fundi, siku ya kutoka, kinachokosekana. Kila asubuhi simameni mbele yake, kusimama kabisa, kwa sababu mkikaa mtaanza habari za Simba na Yanga. Kila fundi aseme oda yake imefika wapi na nini kinamkwamisha. Mwenye kujibu "bado kidogo" aulizwe kidogo gani. Fundi mkuu aendeshe, wewe usikilize.

Kuchelewa. Fundi anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto hapambani na uvivu pekee. Kuna foleni, na kuna siku Jangwani imejaa maji na njia imefungwa. Kabla ya kuanza kukata watu posho, andika saa za kufika kwa wiki mbili. Wote wakichelewa, saa yako ya kufungua ndiyo mbovu: sogeza iwe saa mbili na nusu na mfunge nusu saa baadaye. Akichelewa mmoja wakati wenzake wa njia hiyohiyo wanawahi, una mazungumzo naye.

Hatua ya 6: Mshahara na advansi

Taja tarehe na uiheshimu. Mshahara mdogo unaotoka kila tarehe 30 unashika watu kuliko mkubwa wa kubahatisha, kwa sababu mwenye nyumba, ada ya mtoto na zamu ya kikoba vina tarehe zake. Ukichelewesha wiki moja, mfanyakazi wako anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, na riba ile itamrudisha kwako akiomba advansi kila Jumatatu.

Advansi iwe na sheria inayojulikana kwa wote: inaombwa tarehe fulani, haizidi theluthi ya mshahara, inaandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, na ya kwanza isipoisha hakuna ya pili. Msiba na ugonjwa viwe na mlango wao tofauti. Bila sheria, advansi inakwenda kwa anayejua kulia, na anayenyamaza anabaki na kinyongo. Hii theluthi ni kipimo changu, unaweza kuweka chako, mradi kiwe kimoja kwa fundi mkuu na kwa saidia fundi.

Na makato ya hasara? Chenji imepungua, au kioo kimevunjika wakati wa kupakia. Huwezi kukata tu. Sheria inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, umweleze kwa maandishi chanzo na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, yeye akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mara nyingi ukimaliza kuandika chanzo, utagundua kioo kilivunjika kwa sababu hakuna aliyenunua blanketi la kukifungia.

Hatua ya 7: Kukosoa bila kudhalilisha

Mji huu una historia na hili. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliishika ibara hiyo wakawakabili nayo mameneja wao, na migomo kadhaa ya miaka ile ilihusu namna walivyokuwa wakisemeshwa, mbali na mishahara. Fundi wa leo hatagoma. Atahamia karakana ya jirani na wateja wawili wenye namba yake ya simu.

Kosoa siku hiyohiyo, pembeni, na useme tendo: "Droo hii inakwama, umepima baada ya kuranda au kabla?" Usiseme "Wewe huwa huna umakini." La kwanza linajibika, la pili linajeruhi tu. Mbele ya mteja usimkosoe kabisa, hata kama mteja anakuchochea. Sema, "Tutairekebisha," umalize. Sifa, kinyume chake, itoe mbele ya wote na iwe ya jambo lenyewe, kwa mfano namna alivyounganisha kona. "Hongera kwa kazi nzuri" ya kila siku hakuna anayeisikia tena.

Hatua ya 8: Ikibidi kuachana

"Kesho usije" ni maneno ya gharama. Sheria inadai sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kwa kosa la nidhamu: chunguza, mpe barua inayoeleza tuhuma, mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, mruhusu aje na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, msikilize, kisha toa uamuzi kwa maandishi wenye sababu. Asiyeridhika ana siku 30 kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo haki Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na huko mwajiri anayekwenda bila karatasi anapata tabu hata kama alikuwa na sababu ya kweli.

Ukiachana naye kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu, tuseme oda zimepungua, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10, kwa hiyo fundi wa miaka minne anadai siku 28. Ongeza siku za likizo alizokuwa hajachukua, na cheti cha utumishi. Cheti usimnyime hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Hatua ya 9: Ondoka uone

Mpangilio ukishakaa miezi miwili hivi, upime. Nenda Bagamoyo au kwa wazazi mkoani, siku tatu za kazi, simu ukiwa nayo. Usiwaambie kwamba ni jaribio, na usipige wewe. Kila wanapokupigia, andika swali waliloliuliza.

Ukirudi, gawa maswali hayo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo jibu lilikuwepo ubaoni au kwenye daftari wakakupigia kwa mazoea. Hayo mrudishie fundi mkuu, safari ijayo ayajibu yeye. La pili ni yale ambayo hakuna aliyepewa mamlaka: mteja anaomba punguzo, duka limepandisha bei ya bodi. Hapo weka kiwango, kwa mfano dada wa mauzo aruhusiwe kupunguza hadi asilimia tano bila kukuuliza, fundi mkuu anunue cha dharura hadi kiasi fulani kwa risiti. La tatu ni yale yanayokuhusu wewe kweli, kama mkopo, mkataba mkubwa au kumwachisha mtu. Fungu hilo likiwa na maswali mawili au matatu tu, mwongezee fundi mkuu posho ya usimamizi, kisha panga safari ya wiki nzima.